Kutoka Kongo Kwenda Kongo

Mwaka 2019 mtu wa Bukavu akitaka kwenda Uvira, mji ulio katika mkoa wake mwenyewe wa Kivu Kusini na chini ya bendera yake mwenyewe, njia ya busara ilikuwa kuihama nchi kwanza. Barabara ya taifa namba 5 ipo. Kwenye ramani imechorwa vizuri, inapita Nyangezi na kuteremka milima ya Ngomo hadi Kamanyola. Anayeijua Ngomo hahitaji maelezo. Asiyeijua nitamwambia tu kwamba palikuwa na mahali abiria waliteremshwa ili gari lipite, na likishapita, abiria walimshukuru Mungu kwamba hawakuwemo. Kwa hiyo magari madogo yalivuka mto Ruzizi palepale Bukavu, yakaingia Rwanda, yakateleza kwenye lami kutoka Kamembe hadi Bugarama, kisha yakavuka tena na kurudi Kongo, Kamanyola, na kuendelea na bonde hadi Uvira kana kwamba hakuna lililotokea.

Hakuna lililotokea isipokuwa karatasi. Raia ametoka kwao na kuingia kwao siku hiyohiyo, na njiani madirisha manne yametaka kujua yeye ni nani: la kutoka Kongo, la kuingia Rwanda, la kutoka Rwanda, la kuingia Kongo. Wabelgiji na Wajerumani walipokubaliana mpaka huo mwaka 1910, huko Brussels, hakuna aliyewaambia kwamba siku moja kutakuwa na arusi Uvira na shangazi yangu atakuwa amealikwa.

Shangazi yangu anauza maharagwe katika soko la Mudaka, kwenye barabara ile ya kwenda Kavumu. Haamini dereva, haamini mizani ya mwenzake, na habari za redioni huzisikiliza kwa jicho moja limefumbwa. Karatasi ndiyo anayoiamini. Alipopata habari ya arusi hiyo, mwaka 2019, alinitumia ujumbe kwa mdomo wa motari mmoja, dereva wa pikipiki: nimfuate Mudaka mapema, na nije na karatasi zangu zote. Nilifika na bahasha. Yeye alikuwa na mkoba.

Hapa sina budi kumweleza ndugu yangu wa Dar es Salaam au wa Mombasa, ambaye labda anadhani kitambulisho ni kitu kimoja. Nchi yetu haijahesabu watu wake tangu 1984, na vitambulisho vya uraia vya enzi hizo vimeoza pamoja na waliokuwa navyo. Kinachoshika nafasi hiyo ni kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu tunaiita karte, basi. Kazi yake ya kuchagua huifanya mara moja kwa miaka mingi. Siku zilizobaki hufanya kazi ya kumthibitisha mwenyewe: benki, kwa muuza laini za simu, kizuizini, mpakani. Ndiyo maana siku za kuandikisha wapiga kura utakuta foleni ndefu ya watu wasiotaka kumchagua yeyote. Niliwahi kumsikia mzee mmoja akimwambia mwandikishaji waziwazi, "Miye sikuya kuchagua. Nilikuya kutafuta karte."

Karte peke yake haikutosha kwa safari ya Uvira. Wanawake wanaovuka Ruzizi asubuhi na mabeseni ya bidhaa na kurudi jioni hutumia jeton, kikaratasi cha siku moja cha watu wa mpakani. Anayekwenda mbali zaidi huchukua hati ya kupita ya CEPGL, ile jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi iliyoundwa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976. Jumuiya yenyewe wengi hawajui inakutana lini wala inazungumza nini. Hati yake wanaijua, na wanaiita kwa jina la jumuiya nzima: "Uko na CEPGL?" Sote wawili tulikuwa nazo. Yangu ilikuwa mpya na safi, na picha yake ilifanana na mimi. Nasisitiza hilo kwa sababu litakuja kunisaidia kidogo sana.

Tulipofika Ruzizi ya Kwanza, kituo cha mpaka cha Bukavu, abiria wakashuka na kujipanga. Afisa wa dirisha la kwanza, kijana aliyenyoa vizuri, akachukua CEPGL ya shangazi na karte yake, akaziweka pamoja, akaziangalia kwa zamu. Majina hayakukubaliana.

Lawama ya jambo hili naipeleka kwa Mobutu. Mwaka 1972 aliamuru majina ya Kikristo yaachwe, kila mtu abaki na majina ya mababu, na hapo ndipo tulipozoea kuandika jina na jina la nyuma, yaani postnom. Baadaye utawala wake ulipolegea, majina ya ubatizo yakarudi, lakini postnom haikuondoka. Mkongo akabaki na matatu, na hakuna sheria ya asili inayosema lipi linatangulia. Shangazi alibatizwa kabla ya amri hiyo. Kwa hiyo cheti cha parokia kinamjua kwa jina la mtakatifu na jina la Kishi, lugha yetu. Karatasi za enzi za Zaire zinamjua kwa majina mawili ya Kishi bila mtakatifu. Karte inayo yote matatu, na mtakatifu mwishoni. CEPGL inayo matatu pia, ila mtakatifu amepanda katikati. Ongeza "rh" zetu za Kishi, ambazo mwandishi asiye wa kwetu Kabare hajui azianzie wapi. Jina kama Cirhuza au Murhula likipita ofisi kadhaa hupoteza "h" moja, hupata "l" mbili, na mwenyewe huacha kugombana.

"Mama, huyu ni nani?" afisa akauliza, akigusa karte. "Na huyu?" akigusa CEPGL.

"Bote njo miye."

"Hapana. Mmoja tu."

Shangazi hakubishana. Akafungua mkoba. Kwanza kikatoka cheti cha ubatizo, kimechanika kwenye mikunjo minne. Afisa akakisoma, akakuta mwanamke wa tatu. Ikatoka barua ya shefu wa kijiji ikithibitisha makazi, na hapo akapatikana wa nne. Mwishowe, kwa heshima ambayo wengine huiweka kwa Ekaristi, akatoa kadi ya MPR, kile chama cha Mobutu ambacho kila aliyezaliwa Zaire alihesabiwa mwanachama wake, apende asipende. Watu wa foleni walisogea kuitazama. Mzee mmoja akavua kofia, sijui kwa mazoea au kwa mzaha.

Kijana akaigeuza, akaigeuza tena. "Mama, hii nchi ilikufa mwaka 1997."

"Pole," shangazi akamjibu. "Miye sikuambiwa."

Nilitaka kucheka, lakini nyuma yetu mama wa nyanya alikuwa ameweka beseni chini, na mama wa nyanya akishaweka beseni chini ujue ana la kusema. Alisema. Foleni nzima ikasema. Kelele hizo zikamtoa afisa mwingine, mtu mzima, aliyekuwa amekaa nyuma akila mahindi ya kuchoma. Hakuangalia karatasi hata moja. Alimuuliza shangazi kwa Kishi kwao ni wapi, akajibiwa. Akauliza ni binti wa nani, akajibiwa na jina la babu likaongezwa juu. Akauliza kama yule mjomba aliyekuwa na ng'ombe wa baka bado yuko hai. Walipomaliza habari za ng'ombe, akamwambia kijana, "Mugongee." Kashe, yaani muhuri, ikalia. Shangazi akakusanya wanawake wake wanne na kuwarudisha mkobani, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyethibitishwa: "Unaona? Karatasi inasaidia."

Kashe yangu mimi iligongwa haraka haraka, katika fujo hiyo. Sikuiangalia. Hakuna anayeangalia.

Ng'ambo ya daraja mambo yalikuwa kimya, na ukimya una taabu zake. Ulikuwa mwaka wa Ebola, ugonjwa ulikuwa umefika hadi Mwenga, kwa hiyo tulinawa mikono na kupimwa joto la paji la uso. Shangazi alifumba macho kipimo kilipomwelekea, akasoma sala fupi, akapita. Kisha afisa wa Rwanda, dada mpole anayezungumza Kiswahili vizuri kuliko sisi, akaonyesha mkoba.

"Karatasi zinaruhusiwa, mama. Sashe haziruhusiwi."

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, jambo ambalo kila mtu wa Bukavu analijua na kila mtu wa Bukavu hulikumbuka akiwa ameshafika dirishani. Shangazi huhifadhi kila karatasi ndani ya sashe yake, na hiyo sashe ndani ya sashe nyingine, kwa sababu ya mvua ya Mudaka, ambayo haina adabu. Ikaanza kazi ya kumenya. Karte ikatoka uchi, cheti cha ubatizo kikatoka uchi, Zaire ikatoka uchi. Sashe zikarundikana mezani hadi yule dada akaomba ndoo. Shangazi alizitazama zikichukuliwa, akasema maneno ambayo nadhani hayajawahi kusemwa kwenye mpaka huo:

"Nipe risiti."

"Risiti ya nini, mama?"

"Ya sashe zangu. Mumezichukua. Muandike."

Yule dada alitafuta fomu. Naapa alitafuta, alifungua hata droo. Fomu ya kupokea sashe kutoka kwa raia wa Kongo haikuwepo. Shangazi akasikitika kuona nchi yenye mpango mzuri namna ile ina pengo.

Kompyuta nayo ilitaka majina mawili, la familia na la kwanza. Dada akauliza la familia ni lipi. Shangazi akamweleza kwamba kwetu kila mtoto hupewa jina lake, la baba hubaki kwa baba. Yule dada akatabasamu, maana kwao ni hivyohivyo, na jina lililobandikwa kifuani pake halikuwa la baba yake. Wanawake wawili, mila moja, na katikati yao mashine iliyofunzwa mila za watu wengine. Akachagua mawili kwa macho tu, akabofya, tukapita. Karatasi za shangazi zikafungwa kwenye pembe ya kitenge.

Sina mengi ya kusema juu ya barabara ya Bugarama isipokuwa kwamba ni lami, na lami haina hadithi. Milima ilishuka, joto likapanda, kikaonekana kiwanda cha saruji, yakaonekana mashamba ya mpunga. Shangazi hakulala. Alishika pembe ya kitenge mikono miwili na kumwonya dereva kila kona, akiwa amesahau kwamba Ngomo iko ng'ambo ya mto.

Kamanyola, dirisha la mwisho. Shangazi akatangulia.

"Mama, unatoka wapi?"

"Kongo."

"Unaenda wapi?"

"Kongo."

"Na hii kashe ya Rwanda?"

"Hiyo ni barabara."

Afisa akatafakari, akaona hakuna kosa katika jibu hilo, akagonga. Nikasogea mimi, mtu wa bahasha, mtu wa picha inayofanana naye. Akafungua hati yangu, akapekua mbele, akapekua nyuma, akainua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha.

"Wewe hujatoka Kongo."

Kashe ya asubuhi ilikuwa imegongwa kwa wino uliokauka. Ungeukodolea macho ukurasa, ungeona alama ya duara iliyobonyea kidogo, bila herufi, bila tarehe. Kwa karatasi, sikuwa nimetoka nchini, na asiyetoka hawezi kuingia. Nikaeleza kwamba kashe ya Rwanda ipo, ya kuingia na ya kutoka. Akasema hiyo ni ya Rwanda, waulize wao. Nikaeleza kwamba nimesimama mbele yake. Akasema hilo analiona, lakini haliandikwi popote. Ushauri wake ulikuwa nirudi Ruzizi nikagongewe upya. Nikamuuliza nitarudije kupitia Rwanda, ikiwa sijatoka Kongo. Swali hilo lilimfurahisha, akamwita mwenzake alisikilize. Mwenzake akasema jambo langu ni la mkubwa wao, na mkubwa amekwenda kula.

Dereva akaanza kupiga honi. Abiria wakaanza kunitazama kwa lile jicho la watu wanaohesabu saa. Hapo shangazi, aliyekuwa ameshaketi garini, akashuka na kuja dirishani, akaegemeza viwiko.

"Baba, unasema huyu mutoto hakutoka Kongo?"

"Ndiyo, mama. Karatasi inasema hivyo."

"Kama hakutoka, basi yuko ndani."

Afisa akanyamaza.

"Na mutu akiwa ndani ya kwao, munamushika hapa mulangoni kwa sababu gani?"

Maafisa wawili wakatazamana. Yule wa kwanza akakifungua tena kitabu changu, akakifunga, akanirudishia bila kugonga chochote. Kwa sheria za siku ile, nadhani hadi leo niko Rwanda, au sijawahi kwenda. Inategemea unasoma ukurasa gani.

Tuliingia Uvira jua likizama upande wa milima, ngoma zimeshaanza. Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na meza, daftari, na kijana wa miaka kama kumi na sita aliyevaa tai kubwa kuliko yeye. Akanyoosha mkono.

"Invitasyo."

Shangazi akafungua pembe ya kitenge. Akampa CEPGL. Kijana akaisoma kwa makini, akaigeuza nyuma, akatikisa kichwa. "Mama, hii haina namba ya meza."

"Mwanangu," akamwambia, akimpita, "Rwanda nzima imenipitisha bila meza."