Jinsi ya Kutamba Visiwani Bila Kuwa na Yoti

Ndugu yangu wa Bukavu, picha umeziona: yoti nyeupe, kisiwa cha Mediterania, mtu kajilaza na miwani ya jua. Umetamani. Usione haya, sote tunatamani. Yoti ya kule humeza maelfu ya dola kwa wiki. Wewe Ziwa Kivu liko chini ya barabara yako. Fuata hatua hizi, raha utaipata, na sifa pia.

1. Usitafute yoti, tafuta wenzako. Boti ya injini ikikodiwa na mmoja inauma. Wakichanga wanane, hakuna atakayelia. Siku ya likelemba, ule mchango wenu wa zamu, toa hoja ya safari kabla fedha hazijaingia mfukoni mwa mtu. Kila aliyechanga ana haki ya kusema "boti yetu". Mseme kwa sauti.

2. Mkishindwa kukodi, pandeni ya sokoni. Boti za Idjwi hushusha mananasi Bukavu, kisha hurudi nyepesi. Lipa nauli, kaa mbele kabisa kwenye ncha. Anayekupiga picha ayape mgongo magunia: kamera haioni kilicho nyuma yake.

3. Toka alfajiri. Asubuhi maji yametulia na mwanga unampendeza kila mtu. Ukichelewa, upepo wa mchana utakulowesha na picha zitatikisika. Ila uliza kwanza bandarini kama njia iko wazi. Vita vimewahi kusimamisha boti.

4. Jitafutie ufuo wa peke yako. Idjwi ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote ziwani, na kingo zake zina ghuba ndogo tele. Usishukie gatini penye watu. Mwombe nahodha azunguke rasi. Kisha bisha hodi kwa mwenye shamba la hapo. Kila ufuo una mwenyewe, na mwenyeji aliyeamkiwa vizuri hukutolea kiti. Kule Budelli, Italia, ufuo maarufu wa mchanga wa rangi ya waridi umefungwa kwa watalii tangu miaka ya 1990. Mwenye yoti anautazama kwa mbali. Wewe wako unaukanyaga.

5. Oga kwa kujiamini. Kivu haina mamba. Gesi ya methani inayosemwa imo vilindini, mbali chini ya miguu yako. Kule Karongi, Rwanda inaivuta na kuwashia taa tangu mwaka 2016. Litaje hilo mezani: ni waogeleaji wachache duniani wenye umeme chini yao.

6. Kula vya hapo. Mikate ya dukani iache nyumbani. Nunua sambaza kwa wavuvi, wakaangwe mpaka wavunjike mdomoni, kichwa na mkia, kwa ndimu na pilipili. Nanasi likatwe palepale ukingoni mwa boti, maji yake yateremke hadi kiwiko. Na ujifunze kwa sambaza: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna anayewaita wageni. Nawe fika, tulia, jifanye mwenyeji.

7. Tuma picha, usitume maelezo. Andika "Visiwani", basi. Hujasema uongo. Wakiuliza bei, wajibu kwamba ulikuwa na marafiki. Hilo pia ni kweli, na litawachoma zaidi.

8. Hapa usikate kona. Kila ujanja nimekuruhusu, isipokuwa wa jile la kuokoa maisha. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya MV Merdi, iliyojaa kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, nchi kavu ikionekana. Makumi ya watu walikufa. Kwa hiyo omba jile kabla ya kutoa nauli, ulivute mikanda uone kama inashika. Boti ikijaa mno, shuka, hata wenzako wakicheka. Nauli ikipotea, utachanga tena.

Na jile likificha shati lako jipya, livumilie mpaka ufuoni. Vua ukishakanyaga ardhi, kisha mpigane picha mtakavyo.