Sifa za Mabano ya Ndani

Vilima vya Kololo na Nakasero vina wakubwa wa kutosha, na wasifiaji wao hawalali njaa. Acha mimi nimsifu asiye na mtetezi: chaguo linaloishi ndani ya chaguo jingine, mabano ndani ya mabano, kwenye maktaba ya programu ya kusafirisha faili kwa SFTP.

Kazi yake si ndogo. Tangu MTN ilipoanzisha pesa za simu Uganda mwaka 2009, kuna hesabu za kulinganisha na za benki, na faili za namna hiyo hupenda kusafiri usiku kwa njia hii. Upande wa pili huenda ukamkuta mzee: seva isiyojua kubadilishana funguo ila kwa diffie-hellman-group1-sha1, mtindo ambao OpenSSH iliuzima mwaka 2015 mpaka mtu auwashe mwenyewe. Ukitaka kuongea na mzee huyo kupitia maktaba ya ssh2-sftp-client, jina la mtindo linaingia kwenye orodha iitwayo kex, kex inaingia ndani ya algorithms, na algorithms ndani ya mipangilio ya muunganisho.

Sasa iweke kex hatua moja tu nje ya nyumba yake, uone adabu. Karani wa dirishani angekurudisha mbele ya foleni nzima: "Ssebo, si hapa, nenda chumba cha nane." Maktaba haikufedheheshi. Inaipokea kex yako, inaitupa bila neno, kisha inamwacha mzee akatae salamu kana kwamba kosa ni lake. Mwandishi wa programu kule Ntinda anamlaumu mzee. Msimamizi wa mzee anailaumu intaneti ya Ntinda. Mkutano unaitishwa, chai inaletwa. Wangapi wanakula kupitia kijibano hiki! Na ukifungua maelezo ya maktaba, unaambiwa kwamba machaguo hayo yanapitishwa tu kwa ssh2, maktaba iliyo chini yake, kasome huko.

Wala wasiseme machaguo ya ndani ni makaidi yote. Katika pysftp ya Python kuna cnopts, na ndani yake hostkeys. Ipe hostkeys thamani ya None, na maktaba inaacha kabisa kuuliza kama seva iliyo mbele yake ni ya benki au ya mwizi. Hili linatii papo hapo, bila mkutano wala chai. Majina na namba za wateja, ambazo Uganda ilizitungia sheria ya faragha mwaka 2019, zinaondoka zimefungwa barabara kwa usimbaji wa kisasa, kumwendea yeyote aliyeitika.