Foleni Ndiyo Leseni

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya,

Mheshimiwa, sisi wa Eldoret tunakupongeza kwa subira. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zilitoka Machi 2022. Kufikia Septemba mlikuwa mmepokea maombi 288 na kutoa leseni 10. Waliochelewa kuomba mliwaamuru wafunge. Waliowahi kuomba walikaa foleni, na kukaa foleni kukawa kibali cha kukopesha. Juni 2025 wenye leseni walikuwa 126, na maombi yalikuwa yamepita 700. Tunaomba ukarimu uo huo: mwendesha boda wa Langas akifikiwa na siku ya kulipa, aruhusiwe kujibu kwamba malipo yake yamewasilishwa na yanapitiwa.

Kanuni zenyewe ni nzuri. Zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Ila kuna programu za mikopo ambazo zikifunguliwa tu huomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu, na mtu aliyeishiwa unga hana nguvu ya kukataa. Akichelewa kidogo, shemeji, mchungaji na mweka hazina wa chama wanapata ujumbe kuhusu deni ambalo hawakula hata ndururu yake. Septemba 2023 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, ilitozwa faini ya shilingi 2,975,000 kwa mchezo wa namna hiyo. Aliyeitoza, kwa bahati mbaya, ni Kamishna wa Data, si ninyi.

Mtasema mkikaza kamba mtaua ubunifu, na mtaitaja M-Pesa, iliyoanza 2007 kwa barua yenu ya kutokuwa na pingamizi. Mfano mzuri, ila usomwe wote: fedha za wateja zilitakiwa kukaa kwenye akaunti ya amana benki, mbali na mali ya kampuni. Ulinzi ulikuwepo tangu siku ya kwanza, na ubunifu haukufa. Wengine watasema maskini atarudi kwa shylock. Huenda, lakini huyo wa sokoni hana namba ya mama mkwe wako.

Basi wapeni waombaji siku 30 wakamilishe faili, nanyi mtoe jibu. Ambaye hajakamilisha, programu yake izimwe. Tawi lenu la hapa Eldoret lipokee malalamiko, na majina ya wanaolalamikiwa yatangazwe. Kampuni ikilia kwamba siku 30 ni chache, ikumbusheni kuwa mteja wake hutakiwa kulipa mkopo na riba ndani ya muda huohuo.