Shemeji na Prosesa

Kila ukoo una fundi ambaye hakusomea ufundi. Kwetu ni shemeji, mdogo wake mke wangu, kijana mwenye bisibisi za kila saizi na imani isiyotikisika na video za YouTube. Kitu kikiharibika haulizi kimepatwa na nini, anauliza tunakifungua lini. Pasi aliifungua. Redio ya marehemu babu aliifungua, ikanyamaza moja kwa moja. Zamu ya kompyuta yangu ya mpakato ilikuwa inakuja tu.

Yenyewe ni Dell Latitude E6420, toleo la 2011, mtumba wa Kariakoo, nzito kiasi kwamba mwizi akiibeba utamkuta hajafika hata kituo cha daladala. Ilikuwa inafanya kazi, ila kwa mwendo wa kistaarabu: unaiwasha, unakwenda kuoga, unakunywa chai, unarudi ndiyo kwanza inakukaribisha.

"Shem, hii prosesa imechoka," alitamka.

Prosesa ilikuwa Core i5-2520M, na prosesa haichoki hivyo, maana haina kinachozunguka wala kinachosagika ndani yake. Lakini maneno ya namna hiyo hayasemwi mbele ya kijana aliyekwisha kushika bisibisi, tena dada yake akiwa amekaa hapo hapo anamtazama kwa fahari. Mimi naona prosesa inasingiziwa kwa sababu ndiyo yenye kibandiko. Diski ya kuzunguka ndiyo iliyokuwa inatuchelewesha, lakini nani amewahi kujivunia kibandiko cha diski? Mtaani watu wanaulizana "yako ni i-ngapi?" na mazungumzo yanaishia hapo.

Tuseme ukweli, mashine za enzi zile zilikuwa na ukarimu. Ukitoa mfuniko wa chini, unaiona feni na mirija ya shaba, na chini ya bamba la kupoozea ndipo ilipo prosesa, imekaa kwenye soketi yake. Unazungusha skrubu moja nusu mzunguko, inanyanyuka bila kubembelezwa. Ina pini 988, na kwenye pembe moja kuna kialama cha pembetatu chenye rangi ya dhahabu kinachokuonyesha ikae upande gani.

Mpya, yaani kuukuu nyingine, ilitoka kwa fundi wa mtaa wa Aggrey: i7-2720QM, viini vinne badala ya viwili. Ilikuja imeviringishwa kwenye kipande cha gazeti, na pini mbili zimeinama. Shemeji akaomba sindano ya kushonea, akaanza kuzinyoosha huku amebana pumzi. Na sisi tukabana. Mke wangu alizima hata feni ya darini. Zikanyooka, sikatai. Tatizo lilikuwa pesti ya kupitisha joto, ambayo tone dogo tu katikati linatosha. Yeye aliipaka kama Blue Band kwenye mkate wa mgeni.

Ikawaka! Vigelegele. Picha ikaenda WhatsApp kabla mfuniko haujarudi, na kibandiko cha i7 kikabandikwa juu ya kile cha i5.

Jumapili yake nilikuwa na kikao cha harusi, nami ndiye mhazini. Prosesa ya kwanza ilikuwa ya wati 35, hii ni ya wati 45, bamba la kupoozea ni lile lile lenye vumbi la miaka, na Dar es Salaam ya Februari mnaijua. Prosesa hizi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe, na zisipopoa hujizima. Kwa hiyo viini vinne vikawa vinakokota kazi ambayo viwili vilikuwa vinaimaliza. Feni ikavuma mpaka wajumbe wakadhani bodaboda imeingia uani. Nilipofika kwenye orodha ya walioahidi na hawajatoa, skrini ikawa nyeusi. Sijawahi kuona watu wazima wakifurahia hitilafu ya umeme kiasi kile. Mmoja alisema ni mpango wa Mungu.

Fundi wa kweli aliirudisha i5 mahali pake, akapuliza vumbi, akapaka pesti kwa kiasi, akatoa diski ya zamani na kuweka SSD. Sasa inawaka kabla sijalifikia taulo. Kibandiko cha i7 kimegoma kubanduka.

Shemeji hajakata tamaa. Ile i7 ameihifadhi, na ameshamwahidi mama mkwe kwamba atamwekea kwenye kompyuta yake ya 2017. Nimemweleza kuwa kuanzia kizazi cha tano, yaani tangu 2015 hivi, prosesa za Intel kwenye kompyuta mpakato za kawaida hazina soketi tena, zimechomelewa kwenye ubao wenyewe. Akanijibu kwamba hilo si tatizo, ameshaazima mashine ya kupuliza hewa ya moto.

Majirani wa shemeji huko Tabata, fungieni kompyuta zenu kabatini.