Sifa za Hita Isiyozimika

Washairi wa Amu wamesifu majahazi, bahari na macho ya wanawali. Sijasikia hata mmoja aliyeitungia beti hita ya gari kuukuu la dizeli. Dhuluma hiyo naiondoa leo.

Nasema zile Land Rover na Land Cruiser zinazozeekea Mokowe, upande wa bara, kwa kuwa ng'ambo ya maji vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari. Punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Gari likifika gatini limefika mwisho wa dunia yake. Na limekuja kutoka Witu kupitia Hindi, adhuhuri ya mwezi wa Machi, hita ikipuliza moto miguuni tangu injini ilipoanza kushika joto.

Tuanze na uaminifu. Hita ilibuniwa kwa ajili ya watu wa theluji. Hata huko, wenye dizeli hunung'unika kwamba inachelewa kupata moto, maana injini ya dizeli haipotezi joto ovyo kama ya petroli. Huku kwetu imeletwa bila kuulizwa, haijaomba uhamisho, na kazini haikosi. Kijiti kimesukumwa hadi mwisho wa rangi ya buluu, na moto ni uleule.

"Mwanangu, hebu zima huo moto," asema bibi wa kiti cha nyuma.

"Umezimwa, bibi."

Wote wawili wanasema kweli. Ama waya wa kijiti umechomoka, ama vali imegandishwa wazi na kutu ya hewa ya chumvi. Basi maji ya injini, yenye joto la nyuzi 80 na zaidi, yanajipitia katika kirejeta kilichofichwa nyuma ya dashibodi, na feni inawagawia abiria bila ubaguzi.

Halafu elimu yake. Injini ikipoa kiasi cha kushikika, fungua boneti, shika ile mipira miwili inayopenya ukuta na kuingia chumbani kwa dereva. Yote ya moto huku kijiti kikiwa kwenye baridi? Vali haifungi. Mmoja wa moto, mwingine baridi? Vali imefunga, au kirejeta kimeziba kwa uchafu na magamba ya maji ya kisima. Zulia likilowa na kunukia utamu utamu, kirejeta kinavuja. Kuna chuo gani kinachofundisha hayo kwa bei ya kuungua vidole?

Lakini sifa kubwa ni ya kuokoa roho, roho ya injini nasema. Gari likielekea kuchemsha, dereva mjuzi hufungua hita yote na kuisukuma feni hadi mwisho, ili sehemu ya joto iondoke kwenye maji ya injini. Wengine hukumbuka hilo wakiwa wamechelewa. Sisi tunaokoa injini muda wote, kwa jasho letu, tupende tusipende.

Tena ni mwaguzi. Siku itakapoanza ghafla kupuliza upepo mzuri wa baridi huku sindano ya joto ikipanda, usimshukuru Mungu mapema. Maji yameisha, hayafiki tena kwenye kirejeta. Zima gari hapo hapo, na mfuniko wa rejeta usiuguse hadi upoe. Anayeshangilia ubaridi huo atanunua gasketi.

Inao maadui, kama kila mwema. Wako mafundi wanaokata mipira miwili na kuiunganisha kwa kipande cha bomba, hita ikabaki yatima. Wengine hung'oa na thamostati pia, wakiita hiyo tiba ya nchi za joto. Injini ikafanya kazi bila kupata moto wake halali na kunywa dizeli zaidi. Hao ndio tunaowalipa.

Yupo anayeuliza faida yake wakati wa baridi. Naam, ipo: alfajiri ya Julai, kusi imeleta manyunyu, kioo cha mbele kimejaa ukungu, na hatimaye joto linatakiwa. Dereva anasukuma kijiti cha pili ili upepo upande kiooni. Nacho kimeganda, kimeelekea miguuni. Kioo anakipangusa kwa ncha ya kikoi, na magoti yanaendelea kuiva.