Kioo cha Bei ya Mbuzi Wanne

Göteborg, Uswidi
Desemba

Mjomba,

Mimi huku ni mzima, anayeumwa ni jua: leo limezama saa tisa na nusu alasiri, na kesho halina mpango wa kujirekebisha. Dhumuni la barua hii ni kujibu tuhuma. Nasikia habari zimeshafika hadi Ngamiani, huko Tanga, kwamba nimenunua kipande cha kioo kwa bei ya mbuzi wanne.

Ni kweli. Tena ukikiweka kiganjani hakikijazi.

Kioo chenyewe ni cha fokasi, cha Hasselblad 500C/M yangu. Mji huu ndio kwao kamera hizo, na mwenyeji hakosi kukukumbusha kuwa zilifika mwezini mwaka 1969. Asilokwambia ni kwamba wale wanaanga hawakuchungulia kioo chochote; kamera ilikaa kifuani, wakalenga kwa kugeuza mwili mzima. Mimi sina bahati hiyo. Lazima niiname nichungulie kwa juu, kama ulivyokuwa ukifanya na Yashica yako, wa kushoto yuko kulia na wa kulia yuko kushoto.

Kioo kilichokuja na kamera ni cha zamani. Kwa jua la saa nne nje ya studio yako kingetosha na kubaki. Huku, sebuleni, mwezi Desemba, nikichungulia naona giza la mraba. Jirani yangu nilimpiga picha kwa kufuata sauti yake.

Basi nikaenda duka la kamera za zamani. Huku hata dukani unachukua namba ya foleni kwenye kimashine. Nilikuwa peke yangu. Muuzaji akanitazama, akaitazama namba yangu, akabonyeza kitufe, kengele ikalia, ndipo akanisalimu.

Akatandika kitambaa, akapanga vioo. Cha kwanza ni cha ukungu mtupu, hakina alama. Cha pili kina duara katikati lililokatwa nusu kwa nusu: fokasi ikikosea, pua iko huku na kidevu kule; ukizungusha lenzi vinakutana. Kinafaa macho ya umri wako, mjomba, usikasirike. Ila ukifunga lenzi yenye mwanga haba, inayoanzia f/5.6, nusu moja ya duara inaingia giza. Cha tatu kina vijipembe vinavyometameta hadi picha itulie. Cha nne kina mistari ya miraba, dawa yetu sisi tunaopindisha misikiti pichani. Cha mwisho alikishika kwa ncha za vidole: Acute-Matte D, kazi ya Minolta kwa ajili ya Hasselblad. Unakijua kwa vikato viwili vya nusu mwezi ukingoni, na kwa jinsi muuzaji anavyoshusha sauti akitaja bei.

Nikamuuliza kuhusu vile vya bei rahisi vinavyong'aa kuliko vyote. Akanipa kimoja nichungulie. Mjomba, palikuwa peupe kama Forodhani saa saba mchana! Akaniambia: fokasi jicho langu, kisha tazama sikio. Sikio lilionekana kali kama jicho. Hapo ndipo nilipoelewa: kioo kinachopitisha mwanga bila kuutawanya vya kutosha kinakusifia kila kitu, halafu filamu inakuja kukuumbua. Kioo cha kununua ni kile kinachoonyesha kosa mapema. Kwenye Acute-Matte, nilipogusa lenzi kidogo tu, jicho likayeyuka. Nikachukua hiyo hiyo Acute-Matte, ile yenye mistari.

Kukifunga hakuhitaji fundi. Unachomoa kichungulio, unasogeza vibano viwili, unapindua kamera, kioo cha zamani kinadondoka kiganjani. Kipya usikifute kwa khanga ya shangazi, maana upande wa chini huchorwa hata na ukucha. Vumbi unalipuliza kwa kipampu. Kisha unakipima, kwa sababu umbali kutoka lenzi hadi kwenye kioo lazima ulingane na ule wa hadi kwenye filamu. Nililaza futikamba mshazari mezani, nikafungua lenzi yote, nikafokasi kwenye 50. Filamu iliposafishwa, 50 ilisomeka, 48 na 52 zilikuwa ukungu.

Kwa hiyo mwambie mama mbuzi hawakupotea, wamo ndani ya kamera. Na wewe, kama Yashica imefifia, usikimbilie kioo kipya. Mpe fundi afungue, apanguse kile kioo kilicholala mshazari ndani, maana vumbi la miaka huiba mwanga mwingi. Ikishindikana, niandikie nikutafutie huku. Lakini barua uandike wewe, na bei asisomewe mama.