Kitoweo Kilichokosa Chakula

Miongoni mwa neema ambazo mwanadamu huziomba kwa unyenyekevu na kuzipokea kwa fadhaa, sidhani kama ipo inayoishinda nyanya ya bustani ya nyumbani. Kwa maana fedha haijapata kumzidi mfukoni mtumishi yeyote ninayemjua, na mvua hata ikizidi hupata njia ya kuteremkia baharini, walakini nyanya huiva zote kwa pamoja, hulainika zote kwa pamoja, na hutaka kuliwa zote kabla hazijaoza, bila ya kuuliza watu wa nyumba ile ni wangapi wala tumbo la kila mmoja wao lina nafasi kiasi gani.

Nyumba yetu ipo Tanga, na bustani yenyewe ni kipande cha ardhi nyuma ya jiko, baina ya mfenesi na banda la kuku, ambapo mama watoto, masika yalipokwisha, alipanda aina mbili fupi za nyanya ziitwazo Roma na Cal J. Aina hizi zikifika kimo chake huacha kurefuka, hutoa maua kwa wakati mmoja na kuivisha matunda takriban kwa wakati mmoja, sifa ambayo ni rehema kwa mwenye lori la kupeleka matenga sokoni, na ni mtihani kwa mwenye jiko la mafiga matatu. Ilhali aina ndefu, mathalan Moneymaker, huegemezwa kwenye mti na kutoa matunda yake kidogo kidogo kwa muda mrefu. Maadamu kila jema lina hasidi wake, tulitaraji kwamba kantangaze, yule nondo mdogo aliyeingia nchini mwaka 2014 akawaliza wakulima wengi, angetupunguzia mzigo japo kwa robo. Lakini kantangaze, kwa sababu azijuazo mwenyewe, alipita mlangoni petu pasipo kubisha hodi.

Katika kipupwe kilichofuata tabibu alinipima damu, akaitazama karatasi ya majibu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akaniambia kwa upole wa mtu anayejua kwamba atachukiwa, “Mzee wangu, wanga upungue.” Nilipomwuliza wanga ni nini hasa, alinihesabia kwa vidole ugali, wali, chapati, mihogo, viazi, ndizi za kupika na maandazi ya asubuhi, hata vidole vikamwishia na orodha ikabaki. Nikauliza, kwa sauti ya mtu aliyefilisiwa, “Na nyanya je?” Akacheka. “Nyanya kula, baba. Nyanya haina neno.”

Wala hakusema uongo. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga unaopita gramu 70, ilhali gramu 100 za nyanya mbichi zina kiasi cha gramu 4 tu, na takriban sehemu 95 katika 100 za nyanya ni maji matupu. Nikarudi nyumbani nimeelewa kwamba kile nilichokatazwa sina budi kukinunua, na kile nilichoruhusiwa kimejaa ndoo, beseni, karai la kufulia na nusu ya kitanda cha mgeni.

Lakini ruhusa ya kula nyanya, katika pwani yetu, ni ruhusa ya kumwoa bibi harusi bila ya kumwona uso, kwa sababu nyanya kwetu haijapata kuketi mezani peke yake. Humo katika mchuzi wa papa imeyeyuka, humo katika maharage ya nazi imefichwa, na hata pale inapoonekana wazi, katika kachumbari, imekuja kwa ajili ya pilau. Kazi yake yote tangu ilipofika huku kutoka Amerika ni kusindikiza. Uondoe wali, na mchuzi hubaki sahanini ukijiuliza umekuja kulowesha nini.

Si sisi peke yetu tulioihukumu nyanya kwa wenzake. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu ya Marekani ililetewa shauri la wafanyabiashara wa jamaa ya Nix, waliomdai Hedden, mkusanya ushuru wa bandari ya New York, kwa hoja kwamba sheria ya ushuru ya mwaka 1883 ilitoza mboga na kuyasamehe matunda, na nyanya kwa elimu ya mimea ni tunda. Majaji waliikubali elimu ya mimea kwa taadhima zote, kisha wakahukumu kwamba nyanya ni mboga na ushuru ulipwe, kwa kuwa watu huila pamoja na chakula chenyewe, wala hawaingojei baada ya chakula pamoja na vitu vitamu. Basi ikiwa hadhi ya nyanya hutoka kwa wale inaokaa nao mezani, nyanya zangu zilikuwa hazina hadhi yoyote, maana wenzao wote walikuwa wamefukuzwa na tabibu.

Njia ya kwanza ya kupunguza neema ni kuigawa, na mama watoto alianza na jirani wa upande wa kibla, akampelekea bakuli la kauri lililojaa hata nyanya za juu zikabidi kushikiliwa kwa kidevu. Lakini mila yetu haikubali chombo cha jirani kirudi kitupu. Magharibi ilipokaribia, binti wa nyumba ile alisimama kizingitini na bakuli letu kichwani.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Mama anasema ahsanteni sana, na hizi ni tungule kidogo za kwetu.”

Zilikuwa nyanya nzuri, kubwa kuliko zetu, na bakuli lilikuwa limejaa zaidi kuliko lilivyoondoka, kwa kuwa mtu muungwana hulipa kwa kuzidisha. Mama watoto naye, kwa uungwana uleule, alitaka kulirudisha na ziada, na kama nisingelificha bakuli lile chini ya kitanda, mitaa miwili ingalizikwa. Kwenye genge la njia panda nilimkuta kijana wa biashara ameyapanga mafungu yake hata barabarani, na kabla sijafungua kinywa alikitazama kikapu changu akasema, “Mzee, kama unaleta, mimi mwenyewe natafuta wa kumpa.”

Ikawa lazima zipikwe, tena zipikwe kwa namna ya kuwa chakula na si msindikizaji wa chakula. Mama watoto alizichagua zile ngumu, akazikata vifuniko, akazikomba ndani kwa kijiko, akazinyunyizia chumvi na kuzifudikiza zichuje maji. Kisha akazijaza kima kilichokaangwa kwa kitunguu thomu, tangawizi na bizari, akapasua yai juu ya kila moja, akazirudishia vifuniko vyake na kuzipanga katika sufuria yenye makaa juu na chini. Ziliposimama sahanini, ngozi zimekunjamana na mafuta mekundu yanachuruzika ubavuni, hata mtu aliyeshiba angaliomba radhi akaketi tena.

Siku hiyo alikuwapo shemeji, kaka yake mama watoto, mtu mwenye adabu kubwa na tumbo la kuiweka. Alikula nyanya yake, akala ya pili, akala na ya tatu kwa kuombwa, akajifuta masharubu, akaegemea ukuta, akangoja. Tulipomwona anaendelea kungoja tukamwuliza kama ana haja ya kitu.

“La, dada,” akasema kwa haya, “kitoweo kimependeza mno, Mungu akuzidishie. Nilikuwa nangoja chakula.”

Kwa ajili yake, safari ya pili, mama watoto aliikwaruza koliflawa hata ikawa chembe ndogo nyeupe, akaipika kwa tui la nazi na chumvi, akaipakua katika sinia na kuifunika kawa, na kando yake akaweka rosti zito la nyanya na changu. Shemeji akaifunua kawa, akatabasamu tabasamu la mtu aliyerudishiwa haki yake, akapiga bismillahi na kukunja tonge. Tonge likakataa. Akalikunja upya kwa ufundi wa miaka mingi, likamvujia baina ya vidole na kurudi siniani chembe kwa chembe.

“Shemeji,” akanigeukia, “mchele huu unatoka wapi?”

“Lushoto,” nikamjibu, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Akafikiri sana. “Lushoto siku hizi wanalima mpunga?”

Licha ya misukosuko hiyo, jiko letu lilipata elimu. Kwa staftahi, nyanya zilizokaangwa pamoja na vitunguu na pilipili mbichi, kisha zikavurugiwa mayai, zilimsahaulisha mtu andazi kwa muda wa kutosha kumaliza sahani. Biringanya zilizokatwa mapande na kutandazwa tabaka kwa tabaka na nyanya zilishiba mafuta hata zikawa nzito za kutosha usiku mmoja. Supu ya nyanya iliyokolezwa tangawizi na pilipili manga, ikamalizwa kwa tui zito, ilinywewa kikombeni. Kachumbari tuliitia parachichi na ndimu, tukaila kwa kijiko, jambo ambalo bibi zetu wangalilihesabu kuwa ni ulafi. Wajuzi wa lishe husema kwamba ile rangi nyekundu ya nyanya, iitwayo likopini, mwili huipokea vizuri zaidi nyanya ikipikwa kwa mafuta, kwa hiyo dhamiri yetu kuhusu kikaango ilikuwa safi. Sosi ya chupa ya dukani tuliiacha palepale rafuni, kwa kuwa aghalabu hutiwa sukari.

Zilizobaki zilianikwa. Mama watoto alizipasua nusu kwa nusu, akazitia chumvi na kuzipanga katika nyungo juu ya paa la banda la kuku, akasahau kwamba pwani hii ina wenyewe. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu, ambao asili yao ni Bara Hindi na waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wasafishe takataka, hawakupata kuambiwa kwamba kazi ile ilikwisha. Walikuja wawili kukagua, wakaondoka, wakarejea na ukoo. Tukaweka wavu, wakaja kusimama juu ya wavu na kudonoa kupitia matundu yake. Kilichosalimika, kikavu na chekundu pyu, kilienea katika kopo moja la maziwa, nami nikalichukua kwa fahari kumwonyesha muuguzi wa zahanati.

Akaonja kipande, akakisifu, kisha akaniharibia siku. “Babu, hizi ule kwa kubana vidole viwili tu. Gramu 100 za nyanya kavu zina wanga unaopita gramu 50.” Nilitaka kubishana, lakini hesabu ilikuwa upande wake: jua lilikuwa limeondoka na maji peke yake, na sukari yote ya lile karai, ndogo ilipokuwa imetawanyika, imekusanyika katika kopo. Akanikumbusha na chumvi pia, kwa ajili ya shinikizo la damu.

Kwa hiyo yeyote anayekusudia kulima nyanya, hasa ikiwa tabibu naye ameshaitazama karatasi yake, ningemnasihi apande mashina machache ya aina ndefu, afuge kuku wa mayai, asiidharau biringanya, na juu ya yote, kabla ya kununua mbegu, ahakikishe kwamba anaye jirani asiyelima chochote. Jirani wa namna hiyo ni tunu adimu katika mtaa wetu. Lakini nimesikia kwamba yupo bwana mmoja anayehamia nyumba ya pembeni mwezi ujao, yenye ua wa saruji mtupu, na mama watoto ameshaanza kumwandalia tenga la kumkaribisha.